Mchezesha simba aliyefunika uso: ni filamu moja au mbili?

Swali: "Nikiwa mdogo, mjomba wangu aliyekuwa baharia alituletea kanda ya video yenye filamu ya mauaji kwenye sarakasi ya Kizungu. Ilikuwa fupi, nyeusi na nyeupe, na kulikuwa na mchezesha simba aliyefunika kichwa chote kwa kitambaa cheusi. Hadi inaisha sikuelewa polisi walimjuaje muuaji. Juzi kijana wangu kanionyesha kwenye simu filamu yenye mtu huyohuyo, lakini ni ya rangi na ni ndefu zaidi. Je, waliirudia? Nitazame ipi? Na kwa nini wenzetu walipenda sana kuyaweka mauaji ndani ya sarakasi?" – Msomaji, Tanga

Jibu:

Ndugu yangu wa Tanga, filamu ni moja, na hakuna aliyeirudia. Inaitwa Circus of Fear. Ilipigwa Uingereza mwaka 1966 chini ya mwongozaji John Llewellyn Moxey, na yule mchezesha simba ni Christopher Lee, aliyekuwa ameshatisha watu duniani kote kwa filamu ya Dracula tangu 1958. Ulichokiona utotoni ni nakala iliyokatwa. Kama hukuelewa polisi walimjuaje muuaji, kosa si la umri wako wala la Kiingereza chako. Sehemu ya ushahidi ilikuwa imeshaondolewa kabla kanda haijafika mikononi mwa mjomba.

Mtayarishaji wake, Harry Alan Towers, alikuwa mfanyabiashara hodari wa filamu. Hadithi aliiandika mwenyewe kwa jina la bandia la Peter Welbeck, akaiegemeza kwenye kazi ya Edgar Wallace, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi. Na alijua anamwandikia mteja gani. Ujerumani Magharibi, kuanzia 1959, kampuni ya Rialto ilikuwa inatoa filamu za Wallace moja baada ya nyingine na watu wanazifuata. Towers akawachukua waigizaji watatu ambao watazamaji wa huko waliwazoea kwenye filamu hizohizo: Heinz Drache, Eddi Arent na Klaus Kinski. Akawachanganya na Waingereza, Leo Genn akiwa Inspekta Elliott, pamoja na Suzy Kendall, Margaret Lee na Cecil Parker. Akapata bidhaa moja ya kuuza kila upande.

Ikauzwa kweli, ila haikufika kila mahali ikiwa na sura ileile. Filamu yenyewe ilipigwa kwa rangi na ina urefu wa takriban saa moja na nusu. Ujerumani ilitoka ikiwa nyeusi na nyeupe, ikapewa jina lililohusu fumbo la pembetatu ya madini ya fedha, na Mjerumani Werner Jacobs akatajwa kuwa mwongozaji wa toleo la huko. Marekani ilikwenda kwa kampuni ya American International Pictures, ikatoka mwaka 1967 kwa jina la Psycho-Circus, nayo ikiwa nyeusi na nyeupe, na imepunguzwa hadi saa moja na dakika chache. Jina hilo ni la kuwinda wateja wa Psycho, filamu ya kutisha ya mwongozaji Hitchcock, ambayo haina uhusiano wowote na habari hii. Kwa maelezo yako, ya mjomba ilikuwa hii ya Marekani.

Dakika zaidi ya ishirini zimekwenda hapo, na kwangu mimi huo ni uharibifu mkubwa. Filamu ya mapenzi au ya ngumi ukiipunguza dakika ishirini, inachechemea lakini inafika. Filamu ya upelelezi haifiki. Mwandishi wa hadithi za namna hii huuficha ushahidi mahali panapoonekana pametulia: mtu anapita na ndoo, mwingine anauliza kama mshahara umeingia, wa tatu anafanya utani usiochekesha. Mkataji anayetafuta cha kuondoa ataanza na hapohapo, kwa sababu haoni mapigano wala damu. Kuitazama nakala hiyo ni sawa na kukaribishwa kwenye bao ambalo mtu ameshachota kete tatu nne: utahesabu mpaka usiku na mchezo hautakaa sawa.

Kwa hiyo itazame ya rangi, iliyo kamili. Sitakutajia muuaji, maana hapo ndipo ilipo raha yake. Nitakueleza tu ya kutazama.

Inaanzia juu ya Tower Bridge, London. Genge linalivamia gari la kubeba fedha na kutorokea majini, Mto Thames, na dakika hizo za mwanzo zinakwenda karibu bila mtu kuzungumza. Mwenzao mmoja, Mason, amempiga risasi mlinzi akafa, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Anaagizwa apeleke mgao wa mkubwa wao, mtu ambaye wao wenyewe hawamjui sura. Anakwenda nje ya mji, anafika, na kisu kinarushwa kinamwingia mgongoni. Jirani na hapo ndipo sarakasi ya Barberini imepiga kambi ya msimu wa baridi, na Inspekta Elliott anaufuata mkondo wa fedha hadi huko.

Msimu wa baridi una maana yake. Sarakasi za Ulaya zilisafiri kiangazi na kujifungia kambini miezi ya baridi, watu wakikarabati mahema, wakifundisha wanyama na kunoa michezo mipya. Wakati huo hakuna tiketi wala watazamaji. Anayeonekana kambini ni mwenyeji. Moxey alipata kambi ya kweli ya kupigia picha, ile ya Billy Smart's Circus huko Winkfield, karibu na Windsor, na ndiyo maana matope, mabehewa na vizimba unavyoviona havina dalili ya kujengwa studio. Mpelelezi anayeingia mahali kama hapo anajua orodha ya watuhumiwa imeshafungwa. Muuaji yumo humohumo, anakula nao mezani.

Hapo nakuja kwenye swali lako la kwa nini sarakasi. Usiifikirie kwa sura ya vijana wetu wanaopanda mabegani na kujikunja uwanjani. Sarakasi ya Kiingereza ya miaka hiyo ilikuwa kijiji kizima juu ya magurudumu. Asili yake ni London, mwaka 1768, pale Philip Astley alipoanza kuonyesha michezo ya farasi kwenye duara. Farasi akizunguka kwenye mduara wenye upana unaofaa, mpandaji husimama mgongoni asianguke, na hadi leo uwanja wa sarakasi hupimwa takriban mita 13 kutoka ukingo hadi ukingo. Kulizunguka duara hilo pakakua watu: wachezesha wanyama, warusha visu, wanaotembea kwenye kamba, wachekeshaji, wapishi, makarani, mafundi wa hema. Wanazaliwa humo na kuoana humo, na asubuhi kambi imehama. Mtu akitaka kupotea, pa kupotelea ni hapo. Anapewa jina la jukwaani na hakuna atakayemuuliza la kwao. Ndani ya Circus of Fear karibu kila mtu ana jina moja la kazi na historia nyingine ya chini kwa chini, na kazi ya Elliott ni kutenganisha siri za aibu, za mapenzi na za woga kutoka kwenye ile moja ya damu.

Halafu kuna zana. Nyumbani kwa tajiri, mwandishi lazima aeleze bastola imefikaje kwenye droo. Kwenye sarakasi, silaha ni vyombo vya kazi. Hapa niongeze kidogo kuhusu kisu, maana kisu ndicho roho ya hadithi hii. Kisu cha kurusha si kikali ubavuni. Ukali wake uko nchani, na uzito wake umepangwa ili kizunguke hewani kwa mwendo ule ule. Mrushaji anasimama umbali aliouzoea, na kutoka hapo anajua kisu kitazunguka mara moja au mara moja na nusu kabla ya kufika ubaoni. Akisogea hatua moja bila kurekebisha, kinafika kwa mpini na kuanguka. Sasa fikiria mtu anayekirusha gizani, kwa umbali ambao hakuupanga, kwa shabaha inayotembea, na kinaingia kwa ncha. Huyo si mgeni wa kazi hiyo.

Ndiyo maana macho yote yanamwendea Mario, mrusha visu wa sarakasi, ambaye juu ya hayo ana wivu mkali kwa mwenzi wake wa jukwaani, Gina. Mtazamaji mzoefu atasema: haiwezi kuwa rahisi hivyo. Swali la haki hapo ni jingine: katika kambi ambayo watu wameishi pamoja miaka, wakitazama mazoezi kila siku, nani mwingine amejifunza? Ukiitazama filamu ukiwa na swali hilo mkononi, utaona Moxey hakukuficha kitu. Katika toleo kamili mchezo ni wa haki, na ndiyo sababu naipenda.

Sasa yule uliyemkumbuka, mchezesha simba Gregor. Anasema simba alimwumbua uso, kwa hiyo hauonyeshi. Towers alimlipa mwigizaji mwenye sura maarufu kuliko wote kwenye filamu, kisha akamfunika kwa kitambaa. Wapo wanaoliona hilo kuwa ni kupoteza fedha, nami sikubaliani nao. Lee alikuwa na kimo cha zaidi ya mita 1.9 na sauti nzito ya kutuliza watoto au kuwatoa machozi, na humo ndani ya kitambaa anabakiwa na hivyo viwili tu pamoja na macho. Mtazame anaposimama mbele ya simba. Ananyooka, hana haraka, mikono haipapasi. Kisha mtazame anapozungumza na Natasha, binti anayemlea, au anapobanwa na Mr. Big, yule mwigizaji mfupi wa kimo anayejua siri yake na kumtoza kwa ajili hiyo. Mabega yaleyale yanashuka. Bila uso kabisa unajua ni lini mtu huyu anaogopa na anamwogopa nani, na unatambua kwamba simba si miongoni mwa anaowaogopa.

Kwa watazamaji wa Kijerumani fumbo lilikuwa na tabaka la ziada. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua stelingi hafi, na ukimwona fulani kwenye bango unajua ni adui hata kabla hajafungua mdomo. Wao pia walikuwa na mazoea yao. Drache walizoea kumwona akiwa upande wa sheria. Arent alikuwa mchekeshaji wao, wa kupumzisha roho kati ya maiti na maiti. Kinski, kwa macho yale, alikuwa mtu wa kushukiwa akiwa amesimama tu. Hapa Drache ni Carl, mshereheshaji mwenye jambo lake moyoni. Arent ni Eddie, mtu wa hesabu anayetamani apewe nafasi ulingoni. Kinski ni Manfred, anayenyemelea pembeni mwa kambi. Kila mmoja ameingia akiwa na sifa aliyojengewa na filamu za nyuma, na mwongozaji anajua unamtazama kwa sifa hiyo.

Kuhusu Wallace, lipo la kutuhusu sisi wa huku. Kabla ya umaarufu wake alikuwa mwandishi wa habari, na mwaka 1907 gazeti la Daily Mail lilimtuma Kongo kuchunguza ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baadaye aliandika hadithi za ofisa wa kikoloni huko Afrika Magharibi, zenye dharau nyingi kwa Waafrika, na mwaka 1935 zikafanywa filamu London, Paul Robeson akiigiza. Miongoni mwa Waafrika walioajiriwa kujaza picha kama machifu alikuwemo mwanafunzi mmoja Mkenya aliyehitaji fedha: Jomo Kenyatta. Ukisoma jina la Wallace kwenye majina ya mwanzo, ujue ndiye huyo.

Ukishamaliza hii, usiishie hapo. Ya kale zaidi ninayoipendekeza ni Charlie Chan at the Circus ya mwaka 1936, ya kampuni ya 20th Century-Fox. Mpelelezi Chan anakwenda sarakasini na mkewe na watoto wao kumi na wawili, kwa mwaliko wa mmiliki mmojawapo anayepokea barua za vitisho. Mmiliki huyo anakutwa amekufa ndani ya behewa lake lililofungwa, na wa kwanza kushukiwa ni gorila aitwaye Caesar aliyetoka kizimbani. Fumbo la mlango uliofungwa, ndani ya behewa, katika filamu ya saa moja na ushee, na linakwenda kwa kasi nzuri. Ila lazima niseme wazi: Chan, Mchina wa Honolulu, ameigizwa na Warner Oland, mzaliwa wa Sweden. Hollywood ya wakati ule kwa kawaida haikumpa Mwasia nafasi ya kwanza hata katika hadithi ya Mwasia. Mwenye haki ya kuangaliwa ni Keye Luke, mzaliwa wa China, anayeigiza kijana mkubwa wa Chan. Kila anapoingia filamu inapata uhai, na ulinganifu huo unauma ukiuona.

Ya pili ni Berserk! ya mwaka 1967, Joan Crawford akiwa Monica Rivers, mmiliki na mshereheshaji wa sarakasi. Anayetembea kwenye kamba anakufa mbele ya umati, kamba ikikatika na kumnyonga. Mshirika wake wa biashara ametahayari. Monica anapiga hesabu: kesho tiketi zitaisha. Na zinaisha kweli. Kila maiti anaongeza watu mlangoni. Kama filamu ya mafumbo ina mashimo, na mwisho wake umekuja kwa pupa mno. Lakini katika filamu zote za aina hii, hii ndiyo iliyothubutu kumgeuzia kamera mnunuzi wa tiketi na kumwuliza amefuata nini, kwa sababu watu walilipa kumtazama mtu juu ya kamba wakijua kabisa kwamba anaweza kuanguka. Humo nako utaona wasanii na wanyama wa Billy Smart.

Circus of Horrors ya 1960 naitaja upesi tu. Ni nzuri kwa vitisho, lakini muuaji unamjua tangu mwanzo: ni daktari wa upasuaji wa sura anayejificha nyuma ya sarakasi. Kwa mtu anayetaka kupeleleza mwenyewe, haitoshi.

Jambo moja usije ukashangaa nalo. Simba unaowaona ndani ya Circus of Fear ni wa kweli, na kizimba ni cha kweli. Uchezeshaji ule una kanuni ambayo mwanazoolojia Mswisi Heini Hediger aliieleza vizuri: mnyama ana umbali wake, ukiuvuka anarudi nyuma, na ukimbana asiwe na pa kurudi anarukia. Mchezesha simba hucheza kwenye mpaka huo, nusu hatua ndani, nusu hatua nje, na mtu asiyejua anadhani mjeledi ndio unaofanya kazi. Mimi siutamani urudi. England ilipiga marufuku wanyama pori kwenye sarakasi za kusafiri kwa sheria ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Januari 2020, na ilikuwa haki. Lakini kwa sababu hiyo picha za Winkfield zimekuwa kumbukumbu ya kazi ambayo hutaiona tena nchini humo, na inafaa kuzitazama kwa macho ya namna hiyo pia.

Kuhusu kupata nakala sahihi kwenye simu ya kijana wako: jina liwe Circus of Fear, iwe na rangi, na urefu usipungue saa moja na dakika ishirini. Ikiwa ni nyeusi na nyeupe, au jina ni Psycho-Circus, iache. Na iwapo mtaitazama pamoja, mwambie asimamishe pale Elliott anapowakusanya watu wa sarakasi, kila mmoja ataje muuaji wake na sababu yake, ndipo muendelee. Mkikosea wote wawili, rudini kwenye zile nyakati za kambini ambazo hakuna kinachotokea, mtazame mikono ya watu badala ya nyuso zao.